Habu za DT Swiss 350 na ringi za EX 511: tathmini ya magurudumu ya baiskeli ya milimani yaliyosukwa kwa mkono

Jozi ya magurudumu ninayoieleza hapa haikutoka kiwandani ikiwa imekamilika. Ni habu (kitovu cha gurudumu) za DT Swiss 350, ringi za EX 511 za inchi 29, spoki za DT Competition na nipeli (nati ndogo zinazokaza spoki kwenye ringi) za shaba njano. Niliyasuka mwenyewe kwenye stendi, spoki 32 kwa kila gurudumu, kila spoki ikipishana na nyingine tatu kabla ya kuifikia ringi. Nimeyaendesha kiasi cha kutosha kufikia hatua ambayo tathmini ya gurudumu huanza kuwa na maana: yamepigwa na mawe na mizizi, yamezama kwenye matope, yameoshwa, yamefunguliwa, yamepakwa grisi upya na kurudi njiani. Tathmini nyingi za magurudumu huandikwa yangali yanang'aa, na mara nyingi huishia kwenye uzito na ukakamavu. Msimamo wangu ni kwamba gurudumu la baiskeli ya milimani linapaswa kupimwa kwanza kwa usawa wa mkazo wa spoki zake, kisha kwa urahisi wa kulifungua na kulitengeneza pale litakapoumia, kwa kuwa kuumia ni sehemu ya kazi yake. Kwa vipimo hivyo viwili, haya ni magurudumu bora kuliko mengi yanayoyazidi kwa wepesi na kwa sifa.

Nianze na habu, kwa sababu ndiyo inayonifanya niyapende zaidi. DT Swiss ni kampuni ya Uswisi yenye makao yake mjini Biel, iliyoanza kufanya kazi kwa jina hilo mwaka 1994. Mfumo wa racheti unaoipa sifa ulianzia kwenye habu za Hügi, za huko huko Uswisi, kabla DT Swiss haijauchukua katika miaka ya 1990. Ndani ya habu ya nyuma mna pete mbili za chuma zenye meno upande mmoja, na springi mbili zenye umbo la koni ambazo huzisukuma pete hizo ili zikutane meno kwa meno. Pete moja imekaa upande wa ganda la habu, na nyingine upande wa kibebeo cha kaseti, yaani rundo la gia za nyuma. Mwendeshaji anapokanyaga pedali, meno yote ya pete moja hushika meno yote ya pete ya pili kwa wakati mmoja. Anapoacha kukanyaga, pete huteleza juu ya meno na kutoa ule mlio wa kukwaruza unaofahamika. Katika habu nyingi nyingine kazi hiyo hufanywa na vidole vichache vya chuma vinavyonasa kwenye meno ya ganda, na vidole visipogusa kwa usawa, mzigo mzima huangukia kimoja au viwili. Racheti hugawa mzigo huo kwenye duara zima, jambo lenye uzito katika gia ya chini ya kupandia kilima, ambapo habu hupokea nguvu kubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Malalamiko ya kawaida dhidi ya habu hii ni kwamba inachelewa kushika. Hesabu yake ni rahisi, na inafaa kufanywa kabla ya mtu kutoa hukumu. Racheti ya meno 36 hushika kila baada ya nyuzi 10 za mzunguko. Kati ya habu za watengenezaji wengine, Chris King wana sehemu 72 za kushika, yaani nyuzi 5. Hope Pro 5 ina sehemu 108, yaani nyuzi 3.3, nayo Hydra ya Industry Nine ina 690, yaani karibu nusu ya nyuzi moja. Hata hivyo, mguu hausikii nyuzi za habu bali nyuzi za pedali. Ukiwa na gia ya mbele yenye meno 32 na ya nyuma yenye meno 50, mzunguko mmoja wa pedali huzungusha gurudumu kwa asilimia 64 tu ya duara, kwa hiyo nyuzi 10 za habu huwa karibu nyuzi 16 za pedali. Kwenye mkono wa pedali wenye urefu wa milimita 170, hiyo ni safari ya sentimita nne na nusu hivi kabla mguu haujakutana na mnyororo, tena hapo umekosa bahati kabisa na meno yamekutana vibaya kuliko yote. Kwa racheti ya zamani ya meno 18, safari hiyo ilikuwa zaidi ya sentimita tisa, na hapo ninakubali kwamba mtu anayepanda ngazi za mawe kwa kusukuma nusu mzunguko wa pedali alikuwa na haki ya kulalamika.

Kwa meno 36 sioni tatizo, isipokuwa kwa anayependa kupanda sehemu za mawe polepole, akisimama na kusukuma, akisimama tena na kusukuma. Mtu huyo anaweza kuweka pete za meno 54, zinazoshika kila baada ya nyuzi 6.7, bila kubadilisha kitu kingine ndani ya habu. Mimi nimebaki na 36. Meno yake ni makubwa zaidi, huvumilia grisi iliyoanza kuchafuka, na kwenye baiskeli yenye shoki ya nyuma ule mwanya mdogo kabla ya kushika husaidia pedali zisivutwe na mnyororo kila shoki inapobonyea. Wapo wanaouona mwanya huo kuwa hasara tupu. Ninaamini wengi wao hawajawahi kushuka mlima wenye mawe mfululizo huku wakisikiliza kinachoendelea chini ya nyayo zao.

Kinachoitenga habu hii kwa kweli ni jinsi inavyofunguka. Kifuniko cha ekseli upande wa kaseti hakina nyuzi za kukazia wala skrubu. Kimekaa kwa kubanwa tu, na pete ya mpira ndiyo inayokishikilia. Gurudumu likiwa limelazwa mezani, shika kaseti kwa mikono miwili na uivute moja kwa moja kwenda juu: kifuniko hutoka, kibebeo hutoka pamoja na kaseti yake, na zile pete mbili na springi zake hubaki wazi mbele yako. Hakuna spana iliyohitajika. Tandika kitambaa kwanza, kwa sababu springi hupenda kuruka. Futa grisi ya zamani kwa kitambaa safi, ukague ncha za meno chini ya mwanga mzuri, kisha paka grisi mpya nyembamba juu ya meno na kwenye mifereji ya pembeni ambamo pete huteleza. Neno nyembamba nalisisitiza. Grisi nzito au nyingi huzishika pete zisirudi haraka, hasa kukiwa na baridi, na pete zisiporudi mguu huteleza ghafla chini ya uzito wote wa mwendeshaji. DT Swiss hutengeneza grisi maalumu kwa ajili ya racheti zake, na hiki ni kipengele kimoja ambacho nisingekibania.

Kibebeo cha kaseti hubadilishwa kwa njia hiyo hiyo. Anayehama kutoka kwenye kaseti za mfumo wa zamani wa HG kwenda XD ya SRAM, iliyokuja na seti ya gia ya XX1 mwaka 2012, au Micro Spline ya Shimano, iliyokuja na seti ya XTR ya M9100 mwaka 2018, hununua kibebeo na kifuniko chake tu, akavuta kimoja na kusukuma kingine. Habu inabaki, spoki zinabaki, ringi inabaki. Kwa kuwa mifumo ya gia hubadilika haraka kuliko magurudumu yanavyochakaa, hili pekee limewaokoa wengi wasisuke gurudumu upya.

Ipo sehemu moja ya 350 isiyo rafiki kwa fundi wa nyumbani. Beringi ya ganda upande wa kaseti imefichwa nyuma ya nati ya duara yenye nyuzi za kukazia, ile ile ambamo pete ya racheti huteleza. Kila mkanyago wa pedali huikaza nati hiyo zaidi, na baada ya kupanda vilima vingi huwa imekaza kiasi kwamba mikono mitupu haina nafasi. Kinahitajika kifaa maalumu kinachobanwa kwenye jiliwa, gurudumu huwekwa juu yake, kisha ringi yenyewe hutumika kama usukani na kuzungushwa kwa nguvu kinyume cha saa. Gurudumu lazima liwe limesukwa na kukazwa ili kazi hiyo iwezekane. Anayekata spoki kwanza ili abaki na habu mkononi amejinyima mkono wa kuifungulia nati hiyo. Ukinunua habu hii kwa nia ya kuitunza mwenyewe kwa miaka, hesabu kifaa hicho kuwa sehemu ya ununuzi, au mjue mapema fundi aliye nacho. Beringi nyingine tatu za gurudumu la nyuma na zile za mbele hazina ugumu wa namna hiyo.

Ringi ya EX 511 ina mambo machache ya kusimulia, nami nalichukulia hilo kuwa sifa. Ni ya alumini, yenye upana wa ndani wa milimita 30, inayokalisha vizuri tairi za inchi 2.4 hadi 2.6, nayo imekusudiwa enduro (mbio za kushuka njia ngumu za milimani), siyo mashindano ya kroskantri (mbio za kupanda na kushuka, ambapo wepesi ni muhimu). Kiti cha tairi hushika mdomo wa tairi kwa uthabiti, na tubelesi (tairi lisilo na mpira wa ndani) hukaa bila mapambano mradi utepe wa ndani umebandikwa kwa mvuto na ngozi ya alumini imefutwa mafuta kwanza. Ni nzito kuliko ringi za kaboni na nzito kuliko ringi za alumini za kroskantri. Uzito huo uko mahali pake, kwenye kuta za pembeni ambazo hupigwa na mawe.

Spoki za Competition zina unene wa milimita 2.0 kwenye ncha zote mbili na 1.8 katikati. Wapo wanaodhani kwamba kupunguza unene ni kwa ajili ya kuokoa gramu. Faida kubwa iko kwingine. Spoki nyembamba katikati hurefuka zaidi chini ya mkazo ule ule, kwa hiyo ringi inapobonyezwa na jiwe, spoki za chini hupungukiwa na mkazo lakini hazifiki mahali pa kulegea kabisa. Spoki inayolegea na kukaza tena kila mzunguko ndiyo inayochoka na kukatika, na karibu kila mara hukatika kwenye kiwiko, pale inapopinda kuingia kwenye tundu la habu. Kwa hiyo anayekuta spoki zimekatika na kuamua kulegeza zilizobaki ili zisikatike anaharakisha ugonjwa alionuia kuutibu. Dawa ya spoki zinazokatika kwenye kiwiko ni mkazo wa kutosha, ulio sawa, na kiwiko kilichokalishwa vizuri kwenye tundu lake.

Hapo ndipo kazi ya kusuka inapobeba uzito kuliko jina lililochapwa kwenye ringi. Nipeli za kawaida zina nyuzi za kukazia 56 kwa inchi, maana yake mzunguko mmoja kamili wa nipeli huivuta spoki kwa milimita 0.45, na robo mzunguko ni milimita 0.11 hivi. Spoki ya urefu wa milimita 290 yenye unene wa 1.8, ikivutwa kwa nguvu ya kilo 110, hurefuka kwa milimita 0.6 na kidogo. Ukiacha kando kubonyea kwa ringi yenyewe, umbali wote kati ya spoki iliyolegea na spoki iliyokaza inavyotakiwa ni kama mzunguko mmoja na theluthi tu wa nipeli. Fundi anayezungusha nipeli kwa nusu mzunguko kila aonapo ringi imeyumba hajui anachokigusa: ameshaondoa au kuongeza zaidi ya theluthi ya mkazo wa spoki hiyo. Mizunguko ya mwisho kwenye gurudumu zuri ni ya moja ya nane, wakati mwingine chini ya hapo.

Mkazo wenyewe nilioulenga ni wa karibu kilo 115 kwa spoki za upande wa kaseti. Kila mtengenezaji wa ringi hutaja kikomo chake, na kwa ringi za alumini za aina hii kikomo kwa kawaida huzunguka kilo 120. Upande wa pili wa gurudumu la nyuma haufiki hapo wala haupaswi kulazimishwa, kwa kuwa kaseti huusukuma ukingo wa habu, pale spoki zinaposhikwa, karibu na katikati, spoki za upande wa kaseti husimama wima zaidi, na zile za upande wa diski ya breki, zenye mwegamo mkubwa, huhitaji nguvu ndogo kuishika ringi katikati. Zangu zimetua karibu theluthi mbili ya mkazo wa upande wa kaseti. Gurudumu la mbele hugeuza hali hiyo: diski ndiyo inayoubana ukingo, hivyo upande wa diski ndio unaokaza zaidi, ingawa tofauti ni ndogo. Kipimo cha Boost kilichokuja mwaka 2014, kilichopanua habu ya nyuma kutoka milimita 142 hadi 148 na kusogeza kila ukingo milimita 3 kwenda nje, kilisaidia hasa magurudumu haya ya inchi 29, ambayo spoki zake ndefu huyafanya yayumbe kiubavu kwa urahisi kuliko yale ya inchi 26.

Usawa kati ya spoki za upande mmoja ndio ninaoupa kipaumbele kuliko unyoofu wa ringi. Gurudumu linaweza kuzunguka bila kuyumba hata kidogo huku spoki moja ikivuta mara mbili ya jirani yake, na gurudumu la namna hiyo halitabaki limenyooka. Park Tool, watengenezaji wa kipimo cha mkazo cha TM-1, hukubali tofauti ya hadi asilimia 20 juu au chini ya wastani. Kwa ringi mpya isiyo na pigo, mimi sikubali zaidi ya asilimia 10, na EX 511 iliniruhusu kufika hapo bila kupigana nayo. Mahali pa kuangalia ni kwenye maungio ya ringi, ambapo alumini huwa na unene tofauti kidogo; kijiwimbi kidogo hapo ni afadhali kikaachwa kuliko kukifukuza kwa kuvuruga mkazo wa spoki mbili au tatu. Asiye na kipimo ana masikio. Spoki za upande mmoja zenye urefu na unene sawa, ukizidonoa kwa kidole katikati ya ringi na mahali zinapopishana, hutoa sauti inayopanda kadiri mkazo unavyopanda. Iliyolegea hujitangaza kwa sauti ya chini kabla jicho halijaona chochote.

Jambo la mwisho katika kusuka, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloonyesha kama fundi anajali, ni kuzituliza spoki. Nipeli inapozungushwa, spoki nayo hujisokota kidogo, na msokoto huo hujifungua siku ya kwanza njiani kwa milio midogo ya chuma, gurudumu likapoteza unyoofu wake. Ninaweka alama ya kalamu ya wino mzito ubavuni mwa spoki chache: alama ikigeuka, najua spoki imejisokota. Nazungusha nipeli kupita pale ninapotaka na kuirudisha nyuma hadi alama irudi mahali pake. Kisha, mkazo ukishakamilika, nabana kwa nguvu spoki mbili mbili zinazoenda sambamba, kulizunguka gurudumu zima, pande zote mbili, ili viwiko vikae kwenye kuta za matundu na chuma kilichopinda kipoteze ubishi wake. Ringi ikiyumba baada ya hapo, narekebisha na kubana tena, hadi kubana kusilete badiliko lolote. Magurudumu haya yalipofunguliwa kwa ukaguzi wa kwanza yalihitaji kuguswa nipeli chache sana, na mkazo wake ulikuwa umebaki ulivyokuwa.

Nalinganisha hilo na jozi niliyokuwa nayo kabla, ya kampuni ambayo sitaitaja, iliyotoka kwenye boksi ikiwa imenyooka kabisa. Kipimo kilipowekwa kwenye spoki zake, baadhi zilikuwa na nusu tu ya mkazo wa jirani zao. Ziliyumba mapema, na spoki ya kwanza ilipokatika ikabainika kwamba zilikuwa spoki zilizonyooka, zenye kichwa kinachoingia kwenye habu hiyo peke yake, za urefu ambao hakuna mwingine aliyeutengeneza. Baiskeli ilisimama ikingojea waya mmoja. Kwa sababu hiyo nasisitiza spoki zenye kiwiko. Zinapatikana kwa kila fundi, hukatwa kwa urefu wowote, na yeyote mwenye spana ya nipeli anaweza kuivua iliyokatika na kuingiza nyingine baada ya kutoa kaseti au diski.

Kuhusu nipeli, nilichagua shaba njano badala ya alumini, na ningefanya hivyo tena. Alumini huokoa gramu chache, lakini tubelesi huleta unyevu ndani ya ringi: maji ya kuziba matundu hupenya pale utepe unapochanika, yakatuama kwenye vichwa vya nipeli, na alumini ikaanza kugeuka unga mweupe. Siku ya kunyoosha gurudumu, nipeli ya namna hiyo hukataa kuzunguka au hukatika kichwa. Hukatika kichwa pia pale spoki ilipokuwa fupi na nyuzi zake hazikufika kwenye mfereji wa kichwa cha nipeli, kosa la kipimo ambalo shaba njano huvumilia na alumini haivumilii. Ndiyo maana kipenyo cha ringi ambapo nipeli hukaa nakipima mwenyewe, ringi ikiwa mkononi, hata kama mtengenezaji amekichapisha.

Utunzaji wenyewe hauchoshi. Kila tairi linapotolewa, napitisha vidole kwenye spoki, nikizibana mbili mbili. Nikumbushe hapa kwamba tairi la tubelesi likijazwa upepo huibana ringi kuelekea katikati na kupunguza mkazo wa spoki. Hivyo gurudumu lililopimwa likiwa tupu litasoma chini likiwa limevishwa, na hiyo si dalili ya ubovu. Beringi nazipima kwa kidole kwenye ekseli, gurudumu likiwa nje ya fremu: ekseli izunguke kwa ulaini, na ikiwa kuna chembe zinazosikika kama mchanga, mpira wa beringi hunyanyuliwa kwa ncha ya wembe, uchafu ukaoshwa, grisi mpya ikaingizwa. Beringi iliyoanza kucheza haioshwi, inabadilishwa. Maji ya shinikizo kubwa yasielekezwe kwenye habu hata kidogo, kwani mipira yake huzuia matope na mvua, si bomba la kuoshea magari. Diski za breki za Center Lock, zinazofungwa kwa nati moja ya katikati, hukazwa kwa nguvu ya 40 Nm (nyutonimita), na nati yake ikaguliwe kila gurudumu linapofunguliwa.

Ringi zenyewe zimeshapigwa. Ya nyuma ina kibonyeo ukingoni kilichotokana na jiwe lenye ncha, na nilikirudisha kwa spana kubwa ya kurekebishika, iliyofungwa kitambaa mdomoni, kwa kuvuta taratibu na kupumzika. Tairi lilishika upepo tena. Mkazo wa spoki za jirani ulikuwa umebadilika, na hautarudi kwenye ile asilimia 10 ya mwanzo, kwa sababu alumini iliyopinda huwa imeshabadilika umbo na spoki ndizo zinazoilazimisha ionekane imenyooka. Hiki ndicho kikomo cha haki cha ringi ya alumini: huumia mapema, huumia mara nyingi, na karibu kila mara hukuruhusu urudi nyumbani kwa baiskeli na uitengeneze.

Kaboni hufuata kanuni nyingine. Haibonyei, hukaa imenyooka na mkazo wake hubaki sawa kwa muda mrefu, hadi siku inapopasuka, na ikipasuka spana haina kazi. Wanaoitengeneza wamejitahidi kuondoa ule ugumu wake unaochosha mikono. Zipp walipotoa 3Zero Moto mwaka 2019 walitumia ringi ya kaboni ya ukuta mmoja ili iweze kujipinda juu ya mawe, na Crankbrothers kwenye Synthesis waliweka spoki 28 mbele na 32 nyuma, wakiamini kwamba gurudumu la mbele linapaswa kulegea zaidi ili lishike njia, na la nyuma liwe gumu ili lipokee mizigo. Wazo hilo la mwisho lina ukweli ambao hauhitaji kaboni. Nikisuka tena jozi kama hii kwa mwendeshaji mwepesi, nitaweka 28 mbele na kuacha 32 nyuma.

Anayeshindana kroskantri, anayehesabu kila gramu ya ukingoni na mwenye fundi wa kumtengenezea kila baada ya mbio, ana sababu nzuri ya kutafuta kitu chepesi zaidi, nami sitamzuia. Kwa mwendeshaji wa enduro na wa njia za milimani anayetaka kutunza vyombo vyake mwenyewe, jozi hii naipendekeza bila shaka, kwa masharti mawili. Isukwe na mtu anayepima mkazo wa kila spoki na aliye tayari kukuonyesha vipimo hivyo kwa maandishi, upande kwa upande. Na unapoagiza spoki, ongeza nne za kila urefu, kwa kuwa gurudumu la nyuma linatumia urefu tofauti kwa pande zake mbili, uzifunge pamoja na nipeli zake na kuziandikia urefu kwa kalamu, ili zipatikane siku zitakapohitajika.